Ufunguo Uliopanda Matatu

Gari letu lilikuwa likizungumza Kijapani. Kila asubuhi Baba Watoto alipobonyeza kitufe cha kuwasha, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi, laini, yenye heshima, ikasema maneno yaleyale ya jana. Miezi mitatu ilipita hatujui anatuambia nini. Kitinda mimba wetu aliyashika yote, akawa anayakariri akioga.

Aliyetufumbulia ni mzee mmoja jirani yetu hapa Kihunguro, Ruiru. Ujanani alifanya kazi Juja, katika chuo cha Jomo Kenyatta kilichoanzishwa 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na walimu wa Kijapani aliokuwa akiwapangia vifaa vya maabara walimwachia lugha yao kidogo. Siku hiyo tulimpa lifti. Sauti ikasema yake, mzee akainua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Anasema hamjaweka kadi."

"Kadi gani, mzee?"

"Ya kulipia barabara."

Kule Japani barabara kuu hulipiwa. Dereva huchomeka kadi kwenye kifaa kilichomo ndani ya gari, na akifika langoni kizuizi huinuka chenyewe. Nilimtazama Baba Watoto, naye akanitazama. Nyumba yetu haiko mbali na steji inayoitwa Toll. Zamani palikuwa na kituo cha kutoza ada ya barabara. Vituo hivyo viliondolewa miaka ya 1990, baada ya sheria ya 1993 kuhamishia ada ya kutengeneza barabara kwenye bei ya mafuta. Jina likabaki vinywani mwa makanga. Kwa hiyo kila siku gari letu lilipita Toll likiomba kadi, mahali ambapo hakuna aliyedai ada tangu kifungua mimba wetu hajazaliwa.

Naanza na sauti hii kwa sababu yaliyotupata Makongeni, Thika, yalianzia hapo. Tulikuwa tumejizoeza kutolisikiliza gari letu wenyewe.

Kabla ya hili tulikuwa na Toyota Corolla, ile 110 ambayo kila fundi kuanzia Githurai hadi Makuyu anaijua hata gizani. Tuliinunua 2008, barabara ya Thika ikiwa bado ile ya zamani, ikatupitisha kwenye vumbi la ujenzi mwaka hadi mwaka mpaka Rais Mwai Kibaki alipoizindua barabara mpya Novemba 2012. Vioo vyake vilishushwa kwa kuzungusha mkono. Kiyoyozi chake kilikuwa na vifundo vitatu, na kila mtu wa nyumba hii, hata mtoto wa miaka mitano, alijua cha kushoto kinafanya nini. Mwishoni mwa 2023 injini ilianza kunywa oili kupita kiasi. Tukamuuzia kijana mmoja wa Witeithie, na siku alipokuja kuichukua nilibaki langoni mpaka ikakata kona.

Hili la sasa lilitoka bandarini Mombasa, limeundwa 2016, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Linatumia petroli na umeme pamoja, na kwa upande wa mafuta sina neno la kulalamika: hela tulizokuwa tukitia kwenye 110 kwa wiki, hapa zinakwenda siku kumi. Jina la walioliunda sitalitaja. Nataka kusema juu ya namna linavyokaa na watu.

Redio ndiyo iliyoleta ugomvi wa kwanza nyumbani. Japani masafa yao ya FM yanaanzia 76 na kwa miaka mingi yaliishia 90, kwa sababu kuanzia hapo kwenda juu palikuwa pa televisheni ya zamani, ile waliyoizima 2011. Sisi stesheni zetu zote ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio ya gari la Kijapani ikifika Ruiru inashika vistesheni vichache vya chini, kisha ukuta. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Shosho na sote tumemfuata, hawezi kusafiri bila Inooro, na Inooro iko 98.9.

Fundi mmoja pale Ruiru mjini alituwekea kikasha kidogo kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa kwa 20. Inooro ikawa 78.9. Kameme ya 101.1 ikawa 81.1. Shosho alifurahi kama aliyepata simu ya mtu aliyepotea. Lakini Baba Watoto ni mtu wa Radio Taifa, taarifa ya habari ya KBC, 92.9, na ukitoa 20 unapata 72.9, mahali ambapo redio ile haishuki. Stesheni aliyoisikiliza tangu utotoni kwa baba yake ilizama ndani ya hesabu. Hadi leo husikiliza habari kwa simu, ameiegemeza kwenye kishikio cha kikombe, na mimi humwona anavyoinamisha sikio tukipita lori.

Tairi la spea halipo. Chini ya sakafu ya buti kuna betri ya umeme, na mahali pa tairi wametuwekea chupa ya gundi na pampu ndogo. Kwa barabara zetu za ndani, zenye mawe yaliyochongoka, hilo tulilitatua wiki ya kwanza: tulinunua tairi, na sasa linakula nusu ya buti.

Kinachoniuma zaidi ni kiyoyozi. Hakina vifundo. Ni kioo cheusi kinachong'aa, na vitufe vyake ni picha tu zinazowaka chini ya kioo. Kidole hakihisi kitu. Ukitaka kupunguza baridi lazima uondoe macho barabarani, utafute picha, uiguse, uangalie kama imekubali, na kama kidole kina jasho haikubali. Nimefanya hivyo karibu na Juja, lori mbele yangu, bodaboda ubavuni, na nilipoinua macho lori lilikuwa limeshawasha taa za breki. Mguu wangu uliwahi. Wasweden wa gazeti la magari la Vi Bilägare walilipima jambo hili 2022: dereva wa Volvo ya 2005, yenye vifundo na vitufe vya kweli, alimaliza kazi nne ndogo ndani ya sekunde 10, na kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa gari lilikuwa limekwenda mita 306. Gari jipya lililoshika mkia lilimchukua dereva zaidi ya sekunde 44. Hizo ni mita zaidi ya 1,300 macho yakipapasa kioo. Huko Ulaya wameanza kushtuka. Kuanzia 2026 Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, linataka honi, indiketa, waipa, taa za hatari na wito wa dharura viwe na vitufe au vishikio vya kushikika, la sivyo gari halipati alama zote. Kiyoyozi hakimo kwenye orodha hiyo. Ningekitia.

Na mtu asidhani Shosho ni mgeni wa magari. Marehemu mumewe alifanya kazi ya kuunganisha malori pale Thika, kwenye kiwanda kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Alikuwa akirudi nyumbani jioni na grisi kwenye kucha na kumweleza mkewe kila kitu, chakula kikipoa. Shosho anajua klachi inavyoshika. Anajua kwa nini mpini wa mlango wa lori huwekwa mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala usingizi utaupata. Mara ya kwanza alipopanda gari letu, tukasimama kwenye jamu Ruiru na injini ikajizima yenyewe kama kawaida yake, alisema, "Mwanangu, limezima." Nikamwambia ndivyo lilivyo, linahifadhi mafuta. Akasikiliza ule ukimya. "Sasa mtu wa nyuma atajuaje kama ni zima au ni bovu?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa pili, jua la Thika likiwa kwenye ukali wake. Shosho alikuwa amekaa kwetu tangu Krismasi, na sasa alikuwa anarudi kwake akiwa na katoni yenye vifaranga 20 vya kienyeji alivyonunua Ruiru. Mpango ulikuwa rahisi. Baba Watoto angeendesha mpaka steji, ashuke, apande matatu ya 145 aende kazini Nairobi. Mimi ningehamia kiti cha dereva, nimpeleke Shosho Thika, tupitie sokoni Makongeni.

Tulifika steji saa moja na nusu. Makanga alikuwa akiita mtu mmoja wa mwisho. Baba Watoto akavuta breki ya mkono, akanishika bega, akakimbia. Nikazunguka, nikaketi, nikasogeza kiti. Gari likalia: ti, ti, ti, na maandishi ya Kijapani yakatokea mbele ya usukani, mekundu. Nikadhani ni mkanda. Nikafunga mkanda. Maandishi yalikaa kidogo yakaondoka. Shosho akauliza, "Linasemaje leo?" Nikamjibu, "Ni kadi tu, Mama." Nikaondoka.

Halikuwa limesema kadi. Lilikuwa limesema ufunguo haumo.

Kwenye 110 jambo hili lisingewezekana hata mtu alitake. Ufunguo ulikuwa ndani ya kitundu chake, injini ikinguruma. Aliyeshuka alishuka mikono mitupu, na aliyeketi akaukuta pale unaning'inia. Kukabidhiana gari kulikuwa ndiko kukabidhiana ufunguo. Gari hili ufunguo wake ni kidude cha plastiki kinachokaa mfukoni, hakitolewi kamwe, mtu anakisahau kama anavyosahau figo zake. Gari likishawaka halizimiki hata ufunguo ukienda, na hilo ni sawa, nani anataka kuzimikiwa katikati ya barabara kuu. Lakini liliniachia niondoke, nipite Toll, Juja, Witeithie, likijua kabisa kwamba nikilizima sitaliwasha tena. Na lilikuwa limesema hivyo mara moja, kwa herufi ambazo katika familia yetu hakuna anayezisoma. Kutoka Japani lilikuja na ufunguo mmoja tu. Wa pili, mafundi walitutajia bei tukaahirisha.

Saa mbili na nusu nililizima kando ya soko la Makongeni. Shosho alisema miguu imechoka, angekaa na vifaranga. Nikanunua nyanya, viazi, unga wa wimbi, robo tatu ya saa hivi. Niliporudi nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikakanyaga breki vizuri, nikabonyeza tena. Yale maandishi mekundu yakatokea. Wakati huu niliyatazama.

Nilimpigia Baba Watoto. "Mimi sina ufunguo," nilimwambia. Alikuwa ameshafika kazini, na nilisikia mkono wake ukipapasa koti. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi cha kunijibu.

Joto ndani ya gari lilikuwa limepanda. Vioo vilikuwa juu, na vioo vya umeme bila ufunguo ni ukuta. Shosho alikuwa amevua kitambaa cha kichwa anapepea katoni. Akauvuta mpini wa mlango, mlango ukafunguka. Hicho ndicho kitu pekee ndani ya gari lile kilichofanya kazi yake kwa mkono wa mtu, na nilimshukuru Mungu waliokiunda walikiacha hivyo. Mama mmoja muuza sukuma wiki alikuja mbio na mwavuli wake mkubwa na kigoda. Tukaitoa katoni, tukaiweka kwenye kivuli cha meza yake. Shosho akachovya kidole kwenye maji na kuwanywesha vifaranga tone moja moja, mdomo kwa mdomo, akihesabu.

Hapo ndipo lori la kabichi kutoka Kinangop lilipofika. Mahali nilipoegesha ndipo lilipozoea kurudi kinyumenyume. Dereva hakukasirika; alisema tu, "Mama, sogeza kidogo." Nikamweleza. Vijana sita wakajipanga nyuma ya gari, tayari kusukuma, kama watu wanavyosukuma magari tangu magari yalipokuja. Nikashusha breki ya mkono. Halikwenda hata inchi. Fundi mmoja kijana aliyekuwa akipita na spana mfukoni akachungulia kile kijiti kifupi cha gia, akakitikisa, kikarudi katikati. "Hii haina kebo, Mama. Gia ni ya umeme. Likizimwa linajifunga. Mkilivuta kwa nguvu mtavunja meno ndani."

Kwa hiyo lori lilisimama mbali, na mahamali wakabeba magunia ya kabichi kwa mgongo, wakizunguka gari langu, hatua 40 zaidi kila gunia. Nilihesabu hatua hizo kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, ndevu nyeupe, na kila alipopita ubavuni mwa gari alilazimika kugeuka kidogo ili gunia lisikwaruze rangi. Alikuwa akilinda rangi ya gari lililomwongezea mzigo. Nilikwenda kwenye kibanda nikawalipia wote chai na mandazi. Haikutosha, na nilijua haitoshi.

Huko Nairobi Baba Watoto asingeweza kuondoka. Ndiye aliyeshika zamu ya stoo siku hiyo. Akafanya kile ambacho watu wa njia hii hufanya wakituma barua, dawa au chaja: alikwenda steji ya matatu za 237, akautia ufunguo ndani ya bahasha, akaifunga kwa selotepu mara tatu, akaandika namba yangu ya simu, akamlipa kondakta, akaninong'onezea namba ya gari kwa simu kana kwamba ni siri ya ukoo. Ufunguo wetu ukasafiri peke yake hadi Thika, kwenye kiti cha mbele, pembeni ya dereva.

Shosho alikaa chini ya mwavuli akasema mambo kidogo. Alisema mumewe alikuwa na kawaida: akimaliza kufunga mlango wa lori pale kiwandani, hufumba macho na kuufungua kwa kupapasa. Akikosa mpini mara ya kwanza, analalamika kwa msimamizi. "Alikuwa akisema gari ni la dereva likiwa linakwenda, likisimama ni la kila mtu." Kisha akarudi kwa vifaranga.

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Hili letu limetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye kidude mfukoni, anayesoma lugha moja, katika nchi moja. Huyo linamjua na kumsalimu. Mke wake, mama yake, jirani anayepewa lifti, vijana wanaotaka kulisukuma litoke njiani, wote ni mizigo tu kwake. Na katika nyumba zetu, ni lini gari limewahi kuwa la mtu mmoja? La kwetu limebeba maharusi wa watu tusiowajua vizuri. Limepeleka mwanamke kujifungua usiku, likiendeshwa na mtu aliyekuwa hajawahi kuligusa. Mtu huyo anahitaji kuona usiku, kwa haraka, kioo kinashukia wapi na ufunguo uko wapi.

Saa sita kasoro kondakta alifika na bahasha mkononi, akiuliza mwenye namba. Nilikuwa nimeketi kwenye usukani. Aliinama mlangoni kunipa, na kabla sijaipokea nilibonyeza kitufe kwa mazoea. Gari likawaka. Ufunguo ulikuwa bado ndani ya selotepu, mkononi mwa mtu ambaye gari halijawahi kumwona, nalo likamkubali papo hapo. Kisha ile sauti laini ikaomba kadi ya kulipia barabara.

Tulimfikisha Shosho kwake. Kifaranga kimoja hakikufika jioni. Alikizika mwenyewe chini ya mparachichi na hakunilaumu kwa neno wala kwa macho, na kwa hilo nililala vibaya.

Wiki iliyofuata tulikata waya wa kile kifaa cha kadi, sauti ikanyamaza. Yule mzee jirani alikuja Jumamosi na miwani yake. Tukayaita maandishi ya onyo moja moja kwenye skrini, kadiri tulivyoweza, naye akatuandikia maana yake kwa Kiswahili kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya kivuli cha jua cha dereva. La ufunguo nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Hela za ufunguo wa pili tunazichanga. Ule wa kwanza nimeufunga kwa utepe mrefu wa kijani kwenye kijiti cha indiketa, ili uning'inie pale ulipokuwa ukining'inia kwenye 110.

Na kila asubuhi, tukifika steji, Baba Watoto hashuki akikimbia tena, hata makanga aite vipi. Huvuta breki ya mkono, hushuka, husimama pembeni ya mlango, akainua mikono yote miwili wazi nione viganja. Ndipo nahamia kiti cha dereva.